Kitabu cha Kumi, Chai Ingali Moto

Mwaka 2000 mwandishi Robert Jordan alifunga kitabu cha tisa cha mfululizo wake wa fantasia, The Wheel of Time, kwa kishindo cha uchawi kilichosikika hadi mbali. Wasomaji wakasubiri mpaka 2003, wakanunua cha kumi, Crossroads of Twilight, kurasa zaidi ya 600. Wakakuta nini? Watu walewale, mmoja baada ya mwingine, wamegeuza shingo kukishangaa kishindo kilekile. Halafu chai. Halafu gauni, hariri yake, darizi zake, na bafu la mhusika Elayne, lililopewa nafasi ambayo vita vimenyimwa. Mhusika mwingine, Perrin, bado anamtafuta mkewe. Subira anayo, jamani. Waliolalamika kwa sauti kubwa kuliko wote ndio waliotangulia foleni ya kitabu cha 11.