Mstaafu na Herufi Zake

Marekani kuna wataalamu wa kupanga matunzo ya uzeeni: atakayekuogesha ukishindwa ni nani, na bili italipwa na nani. Maana Medicare, bima ya serikali ambayo wengi huipata wakitimiza miaka 65, hailipii kuishi kwenye nyumba ya wazee miaka nenda rudi. Medicaid, ya wasio na kitu, katika majimbo mengi hupekua kwanza miezi 60 ya nyuma, isije ikawa nyumba umemgawia mwanao juzi. Kazi ya maana, sikatai.

Ila mtaalamu naye hustaafu. Ofisi kafunga, wateja kawaaga, cheti, na herufi anazoandika nyuma ya jina lake, hakiachi. Masomo ya kukihuisha anasoma, na mtihani wa maadili anafanya, japo wa kumdhulumu hayupo tena. Swali: mteja mzee ameanza kusahau kulipa bili, ni dalili ya nini? Anapata alama zote. Barua ya pili ya kumkumbusha ada iko mezani, chini ya kikombe.

Juzi bintiye kamuuliza, “Baba, wewe ukizidiwa tukupeleke wapi?”

Kamwambia aweke miadi.