Ajali Haina Kinga, Basi Ng'oa Kava

Hongera, fundi. Pikipiki umeuza, mchezo wa upatu umepokea, na leo umeshuka kwenye bajaji umekumbatia boksi la msumeno wa kona kama mtu anayetoka wodi ya wazazi. Kuanzia sasa fremu zako zitakutana zenyewe pembeni, na ile dawa yetu ya gundi iliyokorogwa na unga wa mbao itapumzika. Nimekaa kwenye karakana za Keko muda wa kutosha kujua mashine hii inavyopokelewa mjini. Nakupa utaratibu kamili, ule wa wajuaji.

Kitabu cha maelekezo mpe muuza karanga. Yule wa njia panda ana maktaba nzima: juzi nimenunua karanga za mia mbili, kwenye kikaratasi kuna picha ya mkono wa mtu uliopigwa mstari wa kukataza. Karanga zilikuwa tamu.

Ukishaifungua, utaona kitako cha mashine kina matundu manne. Mjuaji anakwambia hayo ni ya kupunguza uzito. Wapo waoga wanaodai ni ya bolti, eti msumeno ukazwe kwenye meza nzito iliyopimwa kwa pimamaji. Achana nao. Uweke kwenye ile meza yenye mguu mfupi, chini ya mguu utie kipande cha kandambili. Mbao yako ya mbili kwa nne ina futi 12, lakini usijisumbue kutengeneza vipumzishio huku na huku vyenye kimo sawa na kitako cha msumeno. Vijana wapo kwa kazi gani? "Dogo, shika huku!" Na dogo akiwa ana adabu atainyanyua ncha kidogo kukusaidia. Hapo ndipo mkato unapojifumba kwa juu na kuibana bledi ikiwa mbioni, ubao unachupa, na wewe unapata mtu wa kumtukana.

Tuje kwenye umeme, mahali penye utamu wake. Kama mashine ni mtumba wa Marekani, plagi yake ina vidole bapa na kibandiko kimeandikwa volti 120. Ukutani kwako zinatoka 230. Mjuaji hasomi vibandiko. Anakata plagi, anamenya waya kwa meno, anazichomeka tupu kwenye soketi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Mashine itanguruma kuliko mashine yoyote uliyopata kuisikia, na haitarudia. Ukishauriwa kununua transfoma, chukua ile ndogo ya redio. Kwamba msumeno wa ampia 15 katika volti 120 unakula wati 1,800, hayo ni mahesabu ya darasani. Waya wa ethi ukate kabisa, maana mashine inazunguka vizuri tu bila huo, na asiyewahi kuona faida ya ethi ni yule ambaye bado hajapigwa shoti. Eksitensheni nayo iache imejiviringisha kwenye gurudumu lake, hasa ikiwa ya waya mwembamba. Ikishapata moto, plastiki itaanza kunukia na mtajua muda wa mapumziko umefika.

Kufunga bledi kuna siri moja. Katika misumeno mingi ya aina hii, ile nati ya katikati ina uzi wa kinyume: inafunguka ukiizungusha kufuata saa, na inakazika ukienda kinyume. Imetengenezwa hivyo ili bledi inapozunguka isiifungue. Siri hii asiambiwe mwanafunzi. Nimemwona kijana, mwili kama mbeba zege, akiing'ang'ania nati kwa spana iliyoongezwa bomba la maji, robo saa nzima, jasho linadondokea kwenye kitako. Alikuwa anaikaza. Plagi muda wote ilikuwa ukutani, swichi iko sentimita chache kutoka goti lake, na sisi wakubwa tumekaa tunacheka.

Mshale uliochorwa kwenye bledi ni urembo tu, usiulinganishe na mshale wa kwenye kava. Ukiifunga kinyume itakata bado, ila kwa moshi. Na bledi yenyewe nunua ya meno 24 yaliyoinama mbele kwa uchu, ya kupasulia mbao kwa urefu, ndiyo bei rahisi. Hizo za meno 60 au 80, zenye meno yaliyosimama au kulalia nyuma kidogo zisiurukie ubao, waachie wanaotaka mkato laini. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda karibu kilomita 230 kwa saa. Basi la mkoani linaruhusiwa 80, na humo abiria wanasali.

Sasa kava. Lile la plastiki linalojifunika lenyewe unapopandisha kichwa cha msumeno linakuzuia kuona mstari wa penseli, tena likishajaa vumbi linakuwa kama kioo cha daladala ya masika. Mtu mwingine angelifuta kwa kitambaa. Wewe ling'oe. Si tunasema kila siku kwamba ajali haina kinga? Kinga ilikuwepo, ina springi na skrubu mbili, ipo pale kwenye kopo la misumari.

Swichi ni ya kubonyeza na kushikilia, ukiachia, inazima. Usumbufu mtupu kwa mtu mwenye vipande 40 vya kukata. Dawa yake ni mpira wa tyubu ya baiskeli: zungusha mara tatu kwenye mshikio, kaza, mashine ijiendeshe. Niliona matokeo yake kwenye karakana moja ambayo sitaitaja. Umeme ulikatika saa nne asubuhi, tukaenda kunywa chai kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Ulipokaa sawa tukaujua kabla ya kuona taa: ndani ya karakana tupu kuna kitu kinalia. Tukakimbia na chapati mkononi. Msumeno, usio na bolti hata moja, ulikuwa unatembea mezani wenyewe, hatua kwa hatua, kama kaa anayerudi baharini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuusogelea. Mzee wetu, ambaye hatukuwahi kumwona akiharakisha jambo, alipita nyuma, akachomoa plagi, akarudi kumalizia chai. Hakusema neno.

Tukija kwenye kipimo chenyewe, namba 45 iliyochorwa kiwandani iamini kama dini. Usichukue guniya kuiweka kati ya bledi na kiegemeo cha nyuma uone kama mwanga unapenya. Na huu mtihani mdogo usiufanye kabisa: kata ubao mpana kwa nyuzi 90, geuza kipande kimoja juu chini, kisha vikutanishe mahali palipokatwa. Msumeno ukiwa umepotoka, pengo litajionesha mara mbili ya kosa lenyewe, na utalazimika kulegeza bolti za kiegemeo na kupoteza nusu saa. Kuna mama anasubiri fremu ya kioo. Fremu ina pembe nne, yaani mikato minane. Ukikosea nusu nyuzi kila mkato, kufika pembe ya mwisho una nyuzi nne za hewa. Ndipo utakapoliita tena lile kopo la gundi na unga wa mbao, na mama wa kioo atauliza, "Fundi, si ulisema umenunua mashine?"

Wakati wa kukata, vaa glavu, nene, zile za sufu, ili bledi ipate pa kushika. Mikono mirefu iachie ipepee. Kipande kidogo kishike kwa vidole, klampu ni ya wenye nafasi, na sentimita 15 kutoka kwenye bledi ni mbali mno kwa mtu jasiri. Mkono wa kushoto ukihitajika kulia, pishanisha tu mikono mbele ya bledi. Usiiache ifike mwendo wake kamili ndipo uishushe, wala ukimaliza usingoje isimame chini kabla ya kuinyanyua. Vumbi lisikupe shida, vuta tu. Ni kweli vumbi la mbao liliingizwa mwaka 1995 kwenye orodha ya kimataifa ya visababishi vya saratani, ila barakoa inaharibu sigara. Masikio pia, hayo yatazoea.

Basi uko tayari. Mbao ya mninga ipo kwenye kitako, mstari umechorwa, majirani wamejipanga mlangoni. Unabonyeza swichi, kimya. Unabonyeza tena. Luku imeisha, au mtaa mzima umekatika, haijulikani. Chomoa plagi. Kisha mpigie mama wa kioo, umwambie kesho saa nne.