Tasnifu ya Foleni

Jumamosi iliyopita nilipewa alama ya B kwa kueleza kwa nini wagonjwa hupanga foleni. Nina umri wa miaka 47. Nina watoto wanne, mkopo wa chama cha ushirika na goti lisilopenda ngazi, na darasa letu liko ghorofa ya tatu.

Mimi ni afisa wa utawala katika hospitali moja ya huku Bondo. Jina lake tuliache, bado nataka kula. Kama hujui afisa wa utawala ni nani, ni yule mtu ambaye dizeli ya jenereta ikiisha anatukanwa yeye, choo kikiziba anaitwa yeye, shuka zikipotea anaandikiwa barua yeye, halafu mgonjwa akipona, kuku anapelekewa daktari. Katika miaka kumi na minane nimeletewa kuku mmoja. Hata huyo alikuwa wa muuguzi wa wodi ya watoto, aliyemleta alikosea mlango, na nilipokuja kuambiwa, mchuzi ulikuwa umeshakolea.

Habari ya shule ilianza hivi. Kijana mmoja niliyemfundisha kwa mkono wangu kujaza vocha na kurejesha masurufu alienda akasoma, akarudi na cheti chenye mhuri wa dhahabu, na sasa ndiye anayenitilia sahihi fomu ya likizo. Anasaini polepole, akiisoma fomu yote, hata ile sehemu iliyochapwa na serikali. Mwezi huohuo nikajiandikisha: Shahada ya Uzamili katika Usimamizi wa Huduma za Afya na Utawala wa Umma. Jina lenyewe ukianza kulitaja Ndori, unalimaliza matatu ikiingia Bondo mjini.

Mke wangu ni nyar Uyoma, na watu wa Uyoma hawana maneno ya kupoteza. Nilimwonyesha karatasi ya karo. Akaisoma mpaka chini, akauliza, "Baba Achieng', ukimaliza utaweza kudunga mtu sindano?"

"Hapana."

"Kuzalisha?"

"Hapana."

"Basi utafanya nini pale hospitalini ambacho hukifanyi sasa?"

Nikamwambia nitafanya yaleyale, ila kwa mtazamo wa kimkakati. Akarudi kwa samaki wake.

Mama yangu naye alisimama kanisani akatangaza kwamba mwanawe anasomea udaktari mkubwa, ule wa kuwasimamia madaktari wengine. Tangu siku hiyo Jumapili sina raha. Watu wanaanza kuingia uani kabla sijamaliza chai. Kuna jaduong' mmoja, mzee jirani, alikuja akapandisha suruali hadi gotini. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba mimi sisomei magonjwa, nasomea mifumo. "Vizuri sana," akasema, akauweka mguu juu ya stuli yangu. "Mfumo wenyewe ndio huu."

Masomo ni ya wikendi, Kisumu. Ni kilomita 60 na ushee, kwa hiyo Jumamosi saa kumi na moja alfajiri niko stendi. Nafasi yangu kwenye matatu huwa ule ubao unaolazwa kati ya viti viwili, na jirani yangu huwa mama anayetoka Uhanya na beseni la omena. Beseni analipakata yeye mpaka barabara ianze kona, kisha tunalipakata pamoja. Tukifika Kombewa nanuka omena. Tukifika Kisian, omena ni mimi. Darasani wenzangu wa mjini hufungua madirisha na kusifia upepo wa ziwa.

Chuo chetu, ambacho nacho tukiache, kimepanga ghorofa ya tatu juu ya duka la magodoro. Sijui ni nani aliyechagua mahali pale, lakini ana roho mbaya. Saa nane mchana jua la Kisumu limekaa juu ya mabati, watu wazima ishirini na wawili waliotoka zamu ya usiku wanafundishwa motisha, na futi chache chini ya miguu yao kuna magodoro yamepangwa hadi darini, yako ndani ya nailoni, hayana mtu.

Motisha yenyewe ni ya Frederick Herzberg, Mmarekani, mwaka 1959. Herzberg alisema mshahara haumtii mtu hamu ya kazi. Mshahara, mazingira na tabia za bosi aliviita mambo ya usafi: ukivikosa unanung'unika, ukivipata unanyamaza, basi. Hamu ya kweli inatokana na kazi yenyewe na kutambuliwa. Muuguzi mmoja aliyekaa nyuma, kichwa ukutani, akainua mkono bila kufungua macho. "Mwalimu, huyo Herzberg alikuwa akilipwa tarehe ngapi?"

Wengine wote ni wa namna hiyo. Henri Fayol, mhandisi wa migodi huko Ufaransa, ndiye aliyetuachia kanuni kumi na nne za uongozi mwaka 1916. Frederick Taylor alisimama na saa mkononi akiwahesabia dakika wabeba chuma. Siku moja tukaambiwa tumtaje mwananadharia wa usimamizi kutoka Afrika. Darasa likatulia kama ziwa la alfajiri. Mimi mtu wa Sakwa nikasema: Jaramogi.

Walicheka, lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Kabla siasa haijammeza, Jaramogi Oginga Odinga aliacha ualimu, akazunguka kila mahali penye Waluo akiwauzia hisa za Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1947. Kumtoa Mjaluo shilingi mfukoni ili umpe karatasi, enzi hizo hakuna M-Pesa, hakuna hata risiti ya kuaminika! Fayol angeanza na kanuni ya ngapi? Mhadhiri akauliza kama huyo bwana amechapisha makala katika jarida la kitaaluma. Nikamjibu kwamba amezikwa kwetu Nyamira tangu 1994. Akaandika kitu kwenye daftari lake, na mpaka leo sijui ni nini.

Haya yote yalikuwa kionjo tu. Ugali wenyewe ni tasnifu.

Pendekezo langu la kwanza lilihusu bima ya NHIF na namna inavyowafaa akina mama wauza samaki. Nilikuwa nimeandika sura tatu. Tarehe 1 Oktoba 2024 serikali ikaizika NHIF, ikaileta SHA na makato ya asilimia 2.75 ya mshahara. Wakenya wengine walilia makato, mimi nililia sura ya pili. Kwa kuwa nina kichwa cha haraka, nilifungua kipakatalishi, nikakiamuru kibadilishe kila palipoandikwa NHIF pawe SHA, nikalala usingizi wa mtu aliyeokoa miezi minane. Wiki iliyofuata msimamizi wangu alinisomea kwa sauti, mbele ya wenzangu, sentensi yangu ya kwanza: "SHA ilianzishwa mwaka 1966." Akaniuliza kama huwa naota mambo yajayo au yaliyopita.

Ndipo nikahamia foleni. Kichwa kamili: Mambo Yanayochangia Muda wa Kusubiri Miongoni mwa Wagonjwa wa Nje katika Vituo Teule vya Afya, Kaunti Ndogo ya Bondo, Kenya. Vituo teule maana yake ni vituo ambavyo unajuana na askari wa langoni.

Nilipata orodha ya wahudumu 84. Huruhusiwi kuwauliza wote, hiyo itakuwa akili ya kawaida. Unachukua fomula ya Yamane ya mwaka 1967, unaipa 84, inakurudishia 69, kisha unamnukuu Mugenda na Mugenda, kwa sababu nchini Kenya tasnifu isiyo na Mugenda na Mugenda ni kama ugali usio na unga. Wale 15 waliobaki walininunia. Walidhani kuna soda. Wale 69 nao walininunia walipojua kuwa haipo.

Siwalaumu. Huku kwetu watu wameulizwa maswali kupita kiasi. Pale Asembo, jirani zetu, ndipo vyandarua vyenye dawa vilipofanyiwa majaribio makubwa miaka ya 1990, na tangu wakati huo mtu wa pande hizi akiona kijana ana ubao wa kuandikia na kalamu, anaanza kutaja umri wake kabla hajaulizwa. Muuguzi mmoja aliipokea hojaji yangu, akaipima uzito kwa mkono. "Wewe ni wa tatu wiki hii," akasema. "Wa Jumatatu alitaka kujua kama tumechoka. Wa Jumatano alitaka kujua kiwango cha kuchoka. Yako inataka nini?" Yangu ilitaka ajaze, kuanzia moja hadi tano, kama anakubali kabisa kwamba wagonjwa wanangoja sana. Aliandika tano, akaikoleza mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Hojaji pekee hazikutosha, nikaambiwa nishuhudie kwa macho. Siku ya kliniki ya presha nikakaa pembeni ya benchi na saa ya simu, Taylor mtupu. Nilimchagua dani mmoja, bibi mwenye leso ya kijani. Alikuwa na kadi yake ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine wa plastiki, umefungwa mpira. Aliketi saa moja kasorobo. Kila benchi lilipopungua alisogea, na kila aliposogea nilibonyeza simu. Mara ya tano akanigeukia.

"Wuoda, unanipiga picha?"

"La, dani. Napima muda."

"Muda wa nini?"

"Wa kungoja. Nafanya utafiti, nijue foleni inatoka wapi."

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyeuliza ziwa linatoa wapi maji. Kisha akanyoosha kidole. "Andika basi. Dirisha la kulipia ni moja. Mwenye dirisha ni mmoja. Huyo mmoja ameenda kunywa chai, na ufunguo ameenda nao."

Nilitazama. Pazia limeshushwa, na mbele ya kioo kipande cha katoni kimeandikwa kwa kalamu nzito: NARUDI. Hakuna saa, hakuna tarehe. Dani alihudumiwa saa nne na dakika ishirini na tano. Saa tatu na dakika arobaini nzima, na kati ya hizo ni dakika tisa tu alizokaa mbele ya mtu anayemshughulikia.

Utasema, si wewe ndiye afisa wa utawala? Ongeza mtu! Ndugu yangu. Sheria ya 2023 inaziruhusu hospitali za umma zibaki na pesa zinazokusanya na kuzitumia, na ni sheria njema, maana kabla yake katika kaunti nyingi pesa za dirishani zilikuwa zikisafiri hadi akaunti ya kaunti, na kurudi zilirudi zikipenda. Lakini karani wa kudumu haajiriwi nami. Anaajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Bodi inataka maombi, maombi yanataka bajeti, na mwaka wa fedha unaanza Julai. Mimi niliomba Agosti. Na yule karani chai ni haki yake, anaingia saa moja asubuhi na hana wa kumpokea mpaka jioni.

Niliyaandika yote hayo. Msimamizi wangu akasoma, akavua miwani, akasema matokeo ni mazuri ila yanaelea. Hayana nadharia. "Huyu bibi yako anasimama juu ya nini?" Ikabidi nimtafutie dani pa kusimama. Nilimpata A. K. Erlang, raia wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, ambaye mwaka 1909 alipiga hesabu za simu zinazongojeana kwenye laini chache. Siku tatu nilihangaika na hesabu zake, stima ikipotea na kurudi, bando likiisha. Mwishowe zikakubali: dirisha ni moja. Sasa tasnifu ina kurasa 108, dani yuko ukurasa wa 71 kwa jina la Mshiriki wa Nne, na ule ufunguo unaitwa kikwazo cha kimuundo.

Ijumaa iliyopita nilipita pale kwenye benchi na bahasha ya masahihisho kwapani. Leso ya kijani nikaiona kwa mbali. Dirishani NARUDI iko mahali pake.

"Wuoda, karatasi yako iliisha?"

"Bado, dani. Wamenirudishia nirekebishe."

"Na huyu wa dirishani? Leo chai imekuwa ndefu."

Nilikohoa. "Leo si chai. Ameenda Kisumu, ameanza shule." Fomu yake ya ruhusa niliisaini mwenyewe, polepole, nikiisoma yote.

"Shule ya nini?"

"Usimamizi."

Dani hakusema neno. Alivuta mfuko wake wa plastiki karibu na nyonga, akasogea kidogo kwenye benchi, akanipigapigia ile nafasi nikae.