Heshima kwa Gorogoro

Wengine wasifu marais. Mimi nausifu mkebe. Mkebe wa Kimbo wa kilo mbili, ulioisha mafuta ukapandishwa cheo. Huku Ndhiwa, nchini Kenya, unaitwa gorogoro, na sisi tuliokulia hapa ndio uliotugawia maisha.

Ukuu wake ulidhihirika mwaka 1984, mvua ya masika ilipokataa kunyesha. Serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje, mengi ya Marekani. Kuyahamisha mahindi wilaya hadi wilaya kulihitaji kibali. Gorogoro haikuomba kibali kwa mtu, iliingia kila boma. Wakoloni nao, vita vya Hitler vilipopamba moto mwaka 1942, waliunda idara nzima ya kudhibiti mahindi, na makarani wake. Mkebe haujawahi kudai mshahara.

Tazama ufundi wake. Kitako kimegongwa nyundo kikaingia ndani, ili mahindi yasisumbuke kujaza pembe zisizo na faida kwa mwenye duka. Mchuuzi anamimina polepole, punje ziegemeane juu ya hewa. Mama akiunyanyua mkebe autikise, anashikwa mkono: "Min Otieno, hiyo si kayamba!" Kisha kijiti kinapita juu, kilele kinarudi guniani. Hapo ndipo tulipojifunza kutoa, kabla mwalimu hajashika chaki. Waliobahatika walinunua kwa mama mwenye huruma, aliyeongeza kiganja kimoja juu na kujifanya hakuona.

Ugali wenyewe wa mahindi yale ya njano ulitoka na rangi ya kiini cha yai. Wazee waliozoea kuon, yaani ugali, wa mtama na muhogo walisema hicho ni chakula cha ng'ombe wa Wazungu. Hawakukosea, Wamarekani hulisha mifugo wao mahindi hayo. Ila walilisema hilo huku wakimega tonge la tatu. Na unjano ule tulioucheka ndio wenye kuupa mwili vitamini A, ambayo mahindi yetu meupe tunayoyaringia hayana kwa asili.

Sheria ya vipimo ya Kenya inataka mizani iliyopigwa muhuri. Ni sheria nzuri, iendelee kukaa Nairobi. Sokoni Ndhiwa bei ya mahindi ingali inatajwa kwa gorogoro. Nawe ukija kununua, msalimie mwenye mali kwa adabu, kisha pindua mkebe uchungulie kitako kabla ya kutoa pesa.