Paa! Msibani

Masikio bado yananiwaka. Jana alasiri, msibani hapa Sofu, ustadhi yuko katikati ya dua, mimi nikaingia na pikipiki inayonguruma yenyewe bila kushikwa mafuta. Nikazima funguo. Paa! Ekzosi ikatema moto, kina mama waliokwisha kubembelezwa wakaanza upya, na mzee mmoja akaruka mkeka akaacha kobazi. Aliporudi alinitazama juu mpaka chini: "Mwanangu, huyu hatujamzika, wewe unatutafutia wa pili?" Nikamwamkia. Shikamoo yangu hakuitikia mpaka tunatawanyika.

Chanzo ni fundi mmoja wa eneo la Picha ya Ndege. Nilimwambia pikipiki inakula mafuta. Hakufungua kitu, alitega sikio, akachukua bisibisi, akakaza skrubu ya kabureta, akadai hela yake.

Na kabureta ni kitu cha ajabu, niacheni niseme. Haina pampu. Pistoni ikishuka inavuta hewa. Hewa inapita kwenye koo lililobanwa katikati, ikibanwa inakimbia, ikikimbia kanieneo yake inashuka (Mtaliano Giovanni Battista Venturi aliyaandika haya mwaka 1797, kabla pikipiki haijamtesa mtu), ndipo petroli inanyonywa kutoka bakuli la chini kupitia jeti yenye kitundu kisichofika milimita moja. Bakulini mna boya, ndugu wa lile la tangi la choo, linalofunga mafuta yakijaa. Kilo 1 ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa. Skrubu ikiwa upande wa chujio la hewa, ukikaza unapunguza hewa. Ikiwa upande wa injini, kama yangu, ukikaza unapunguza petroli. Ukiibana mno, plagi inashindwa kuwasha mchanganyiko, nao unatoroka mbichi mpaka kwenye ekzosi na kulipukia huko. Silensa, yaani mzunguko wa injini bila kushikwa mafuta, ilipoanza kushuka, fundi akaificha kwa kupandisha resi. Kwa hiyo nilipozima funguo, injini iliendelea kuzunguka, ikisukumia petroli mbichi kwenye bomba la moto, waombolezaji wakisikiliza.

Asubuhi ya siku hiyo ilikuwa imenizimikia Barabara ya Morogoro, lori nyuma yangu. Leo haijawaka.

Yangu angalau ni ya kutembelea. Kijana wa bodaboda aliye kwenye mkataba anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA ikitangaza bei kikomo ya mafuta imepanda, anakimbilia kwa fundi yuleyule: "Bana kidogo, kaka." Injini iliyonyimwa mafuta inachemka, pistoni inaungua, na anayekatwa ni kijana. Fundi alishakula chake zamani, wala hakuna wa kumuuliza.

Kama kati ya Maili Moja na Sofu yupo fundi anayechomoa plagi na kuisoma kabla ya kugusa skrubu (masizi meusi, mafuta yamezidi; nyeupe, yamepungua; kahawia, iache), nielekezeni. Nitaikokota mpaka kwake.