Pesa ya Sabufa Ipo, ya Futi Kamba Haipo

Mwenye gari wa mjini hakosi pesa ya sabufa. Anachokosa ni futi kamba. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 hivi kwa kila milisekunde. Kwenye gari la usukani wa kulia, spika ya mlango wa kulia iko jirani na goti la dereva, na ya kushoto inaweza kuwa mbali zaidi kwa sentimita 70. Basi ya kulia hutangulia kwa milisekunde 2, na mwimbaji aliyepaswa kusimama katikati ya dashibodi huishia kuimbia kwenye kitasa cha mlango. Dawa ni kuichelewesha spika ya karibu kwa milisekunde hizohizo. Redio nyingi za kisasa zina kitufe cha ucheleweshaji huo. Ni cha bure, labda ndiyo maana hakina wateja.

Krosova, yaani kigawanyaji cha masafa kati ya spika na sabufa, nayo huachwa ilivyotoka dukani: spika ndogo ya mlango inalazimishwa kubeba besi ya hezi 40 hadi inakohoa, ilhali ingeweza kukatiwa kwenye hezi 80 na mzigo wa chini ya hapo ukabebwa na sabufa iliyolipiwa. Mtasema ucheleweshaji humfaa dereva peke yake, abiria wanapunjwa. Kweli, lakini krosova haibagui kiti. Mtasema pia mnataka mtikisiko, si usahihi. Haya, ila mawimbi ya besi yanayopishana hufutana, na yanayofika pamoja huongezeana nguvu. Kwa sasa kinachotikisika vizuri ni kibao cha namba.