Wa Kando Hahitaji Nywila

Ukitaja tovuti za wenye ndoa wanaotafuta wapenzi wa pembeni, Kangundo nzima inashika kichwa. Uzungu huo! Laana ya intaneti! Anayelaani kwa sauti kuu kabisa ni mzee wa kanisa, yule ambaye kila Jumamosi ana mkutano wa wakulima wa kahawa Machakos mjini, ilhali hana hata mche mmoja.

Hasira hizo si ngeni. Machi 2013, hapa Kenya, tangazo la televisheni lilimwonyesha mama mwenye ndoa akishauriwa na rafikiye atumie kondomu na mpango wake wa kando. Viongozi wa dini wakawaka, tangazo likaondolewa hewani. Mipango yenyewe ikabaki palepale.

Wa kuhurumiwa ni wateja wa Ashley Madison, ile tovuti ya Kanada. Wanaume walilipa ili wapige soga na warembo, kumbe baadhi ya warembo hao ni programu za kompyuta. Wengine wakatozwa dola 19 wafutiwe taarifa zao, nazo hazikufutika zote. Agosti 2015 wadukuzi wakazimwaga hadharani.

Kangundo hatutapeliwi hivyo. Wa kando wetu ni mtu kamili, anadai nauli ya matatu ya kutoka Tala na pesa za saluni. Mdukuzi naye aje kuiba siri gani? Mwenye lojingi anajua, wa bodaboda anajua, wakala wa M-Pesa anajua. Asiyejua ni mke peke yake, na huyo ndiye aliyetusimulia.